Vocha ya pembejeo, ajira za muda au fedha mkononi: ipi kwa kaya za vijijini?

Meneja wa maendeleo vijijini akikabidhiwa bajeti ya kusaidia kaya, mara nyingi atakuta njia tatu mezani: kushusha bei ya mbegu na mbolea kwa vocha, kulipa ujira kwa kazi za umma, au kuzipa kaya fedha moja kwa moja, yaani uhawilishaji. Vikao vingi hubishana ipi ni bora kuliko zote, na ubishi hauishi kwa sababu kila upande una nchi ya kutolea mfano. Ukitaka kuamua, uliza kila njia huharibikia wapi, kisha uangalie kama ofisi yako ina watu na vifaa vya kuzuia uharibifu huo. Vocha huharibikia kwenye kalenda na usafirishaji. Ajira za muda huharibikia kwenye vipimo vya kazi na siku ya malipo. Uhawilishaji huharibikia kwenye orodha ya walengwa.

| | Vocha ya pembejeo | Ajira za muda | Fedha mkononi |
|---|---|---|---|
| Inafaa kaya ipi | Yenye ardhi na nguvu kazi, isiyo na mtaji wa msimu | Yenye nguvu kazi, isiyo na kazi miezi fulani | Yoyote, hasa isiyo na mtu wa kufanya kazi |
| Huwaacha nani | Wasio na shamba, wasio na fedha ya kuongezea | Wazee, wagonjwa, mama wenye watoto wachanga | Walio juu kidogo ya mstari wa umaskini |
| Mtaalamu muhimu | Ugavi, na afisa ugani anayejua udongo | Fundi sanifu wa kupima kazi | Mtunza daftari la kaya na mpokea malalamiko |
| Ikichelewa wiki sita | Msimu umepotea | Wafanyakazi wanaondoka, kazi inabaki nusu | Kaya inakopa au inauza mbuzi |
| Kinachobaki | Mazoea ya kutumia pembejeo, kama zinalipa | Matuta, barabara, mabwawa, kama yanatunzwa | Mifugo, ada iliyolipwa, deni lililofutwa |

Vocha: anza na udongo

Makosa makubwa ya vocha hufanyika kabla hata ya kuichapisha, pale mpango unapodhani kwamba mbolea italipa kila mahali. Hesabu yake ni fupi. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya Urea una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia yenye alama 18-46-0, yaani asilimia za naitrojeni, fosfeti na potashi, una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Mkulima aliyepata mmoja mmoja kwa ekari ana kilo 32 za naitrojeni. Udongo ukiitikia vizuri, kila kilo inaweza kuleta nyongeza ya kilo 15 za nafaka, jumla kilo 480. Kwenye udongo uliochoka au wenye tindikali, kilo hiyohiyo ya naitrojeni inaweza kuleta kilo 7 tu, na nyongeza yote ikawa kilo 224.

Sasa zidisha nyongeza hiyo kwa bei ya nafaka wakati wa mavuno, halafu gawanya kwa bei kamili ya mbolea bila ruzuku. Kuna tabia ya kuandika bei ya miezi ya njaa kwenye andiko la mradi ili namba ipendeze. Mkulima anayedaiwa hawezi kusubiri bei hiyo, anauza mwezi wa mavuno. Jibu likiwa 2 au zaidi, kuna matumaini kwamba atanunua mwenyewe ruzuku ikiondoka. Likiwa chini ya 2, faida ni ndogo mno kufidia hatari ya ukame, na vocha itakuwa zawadi ya kila mwaka isiyo na mwisho.

Kabla ya kujaza fomu ya bajeti, pata vipimo. Chukua mashamba ya wakulima wa kawaida yaliyotawanyika katika eneo lote, na katika kila shamba pima vipande viwili vya mita 10 kwa 10, kimoja chenye mbolea na kingine bila. Usitumie shamba la mkulima hodari anayeonyeshwa kwa wageni, wala la kituo cha utafiti. Tofauti ikiwa ndogo, pima pH, yaani kiwango cha tindikali ya udongo. Ikiwa chini ya 5.5, alumini huanza kuumiza mizizi, na fosforasi hushikwa na madini ya chuma na alumini hata mmea usiipate. Hapo chokaa ya kilimo ina maana kuliko DAP, nayo inahitaji kuchanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Tatizo likiwa mboji kidogo, samadi na mikunde ndiyo kazi ya mwanzo.

Udongo ukikubali, adui anayefuata ni kalenda. Kaya 5,000 zikipata mifuko miwili miwili, ni mifuko 10,000, tani 500, malori 17 ya tani 30. Mbolea ya kupandia lazima iwe mkononi mwa mkulima mvua inapoanza, na ya kukuzia wiki nne hadi sita baada ya mimea kuota. Hesabu kurudi nyuma: wakala wa kijijini apate mzigo angalau wiki mbili kabla ya mvua, ghala la wilaya mwezi mmoja kabla ya hapo, na juu yake uongeze miezi ya zabuni na meli kama mbolea inatoka nje. Ukiona tarehe ya kusaini mkataba haiwezekani tena, usibane hatua za kati ili ratiba itoshe kwenye karatasi. Peleka mbolea ya kukuzia peke yake msimu huu, au hamisha fedha kwenye njia nyingine. DAP inayofika wakati mahindi yamefika kifuani itauzwa kwa nusu bei au kulowa stoo.

Halafu kuna suala la nani analipa na nani anapewa. Malawi ilianza ruzuku yake kubwa msimu wa 2005/06, baada ya mavuno mabaya ya 2005, na uzalishaji wa mahindi ukapanda. Ila bei ya mbolea duniani ilipopaa mwaka 2008, gharama za mpango nazo zilivimba, kwa sababu serikali ndiyo iliyokuwa imebeba sehemu kubwa ya bei. Tanzania, mwaka huohuo wa 2008, ilikuja na vocha iliyofidia takriban nusu ya bei, ikikusudiwa wakulima wadogo wanaolima eneo lisilozidi hekta moja, kwa misimu mitatu. Mpangilio ulikuwa mzuri, lakini nusu ya bei iliyobaki ilikuwa mzigo kwa kaya maskini kabisa. Utafiti uliofanyika Kilimanjaro katika msimu wa kwanza ulikuta takriban asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa ziliishia kwa viongozi waliochaguliwa wa vijiji, na hali ilikuwa mbaya zaidi katika vijiji vya mbali na vyenye pengo kubwa la kipato.

Hapa kuna mtego ambao miongozo mingi huuruka. Ukimpa vocha mkulima mwenye uwezo, anaacha kununua mfuko ambao angeununua hata hivyo, na mbolea iliyoingia shambani haiongezeki. Ukimpa maskini asiye na fedha ya kuongezea, anaiuza vocha kwa wakala. Anayefaa yuko katikati: ana shamba, ana mikono, na hakununua mbolea misimu miwili iliyopita. Swali hilo la misimu miwili liwekwe kwenye fomu ya uandikishaji, na majibu yasomwe hadharani mkutanoni. Majirani wanajua.

Ajira za muda: kipimo na siku ya malipo

Faida ya kazi za umma kwa meneja mwenye daftari bovu ni kwamba watu hujichagua. Ujira ukiwekwa chini kidogo ya kibarua cha kawaida cha eneo hilo, mwenye shughuli nyingine hatakuja kuchimba mtaro juani. Ukiuweka juu ya soko, utapata foleni ndefu, rushwa ya kuingia kwenye orodha, na wakulima wakubwa wakilalamika kwamba vibarua wamekimbia. Ukiushusha mno, unawafanyisha watu wenye njaa kazi nzito kwa ujira usiorudisha hata nguvu waliyotumia.

Kazi yenyewe igawiwe kwa ngwe, yaani kipande kilichopimwa cha kumaliza, si kwa kuhudhuria. Chukua mfano wa matuta ya fanya juu, ambapo mtaro huchimbwa kwa kufuata kontua, yaani mstari wa usawa ulio mkingamo wa mteremko, na udongo ukatupwa upande wa juu. Mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60 una mita za ujazo 0.36 kwa kila mita ya urefu. Mtu mzima katika udongo wa wastani anaweza kuchimba na kutupa takriban mita za ujazo 3 kwa siku, yaani mita 8 za mtaro. Kilomita moja ni mita za ujazo 360, sawa na siku-kazi 120, yaani kazi ya mtu mmoja kwa siku 120. Watu 100 kwa siku 20 ni siku-kazi 2,000, zinazotosha kilomita 16 na ushei. Udongo ukiwa wa mawe ngwe ishuke hadi nusu, na ibadilishwe siku ileile fundi anapoona sululu inaruka. Ngwe isiyobadilika huwafanya wenye nguvu wachague sehemu laini asubuhi na mapema, na wanawake wakabakishiwa mawe.

Kabla ya jembe la kwanza, kontua ipimwe kwa fremu ya A, yaani miti iliyofungwa kwa umbo la herufi A na kuning'inizwa timazi, au kwa kamba na pima maji, na vigingi vipigwe. Mtaro ulioinama kidogo tu hukusanya maji mahali pamoja, tuta linapasuka pale, na maji yaliyopasua tuta la juu yanabomoa yote ya chini. Ndiyo maana kazi huanzia juu ya mteremko kushuka, na njia ya maji ya ziada huchimbwa na kupandwa nyasi kabla ya matuta. Miradi yenye haraka ya kuonyesha urefu wa kilomita huacha njia ya maji mwisho. Mvua kubwa ya kwanza ndiyo inayowakagua.

Mgawanyo wa fedha nao uangaliwe. Sheria ya India ya ajira vijijini ya mwaka 2005 iliahidi kaya siku 100 za kazi kwa mwaka, ikataka walau asilimia 60 ya gharama ziende kwenye ujira, na malipo yafanyike ndani ya siku 15. Uwiano wa 60 kwa 40 unasaidia ujira usimezwe na mitambo na vifaa, lakini pia unakuambia kwamba hutajenga daraja kubwa kwa njia hii. Chagua kazi zinazokula mikono: matuta, upandaji miti, mifereji, uchimbaji wa mabwawa madogo, ukarabati wa barabara za udongo. Malipo yakizidi siku 15, mwenye njaa hana la kufanya ila kukopa dukani kwa jina la mradi, na riba inakula ujira. India yenyewe ilisumbuliwa sana na ucheleweshaji huo, licha ya sheria kuahidi fidia.

Ukaguzi ni jambo ambalo ushahidi wake uko wazi kuliko kawaida. Nchini Indonesia, katika mpango wa fedha za miundombinu kwa vijiji ulioanza mwaka 1998, jaribio lilifanyika katika vijiji 608. Wahandisi walichimba sampuli za barabara zilizomalizika, wakapima mawe na mchanga uliomo, kisha wakalinganisha na risiti. Vijiji vilipoambiwa mapema kwamba ukaguzi ni wa hakika badala ya bahati nasibu ya asilimia 4, fedha zilizopotea zilipungua kwa takriban pointi 8 za asilimia. Kuongeza watu wa kawaida kwenye mikutano ya uwajibikaji kulisaidia kidogo tu kwa ujumla, kwa kuwa mwanakijiji anaweza kuona kibarua hakulipwa lakini hawezi kuona lori lililoandikwa mara mbili. Kama huna fundi wa kushika futi kamba na kupima mita za ujazo, na mkaguzi wa kurudia vipimo hivyo baadaye, usianzishe ajira za muda. Utalipa mahudhurio na kuita hayo maendeleo.

Ethiopia, katika mpango wake wa hifadhi ya jamii ulioanza mwaka 2005, iliweka mlango wa pili kwa kaya zisizo na mtu wa kufanya kazi: hizo hupokea bila kuchimba. Mlango huo uwe kwenye mwongozo tangu siku ya kwanza. Bila hivyo, mjukuu wa miaka 12 ataletwa kazini badala ya bibi yake, na kiongozi wa kikundi cha kazi atafumba macho kwa huruma.

Fedha mkononi: orodha, soko, malalamiko

Hoja kwamba fedha zitaishia kwenye pombe haina uzito tena. Mapitio ya tafiti za nchi nyingi hayakukuta ongezeko la maana la matumizi ya pombe na tumbaku. Mexico ilipoanzisha mwaka 1997 mpango wake wa fedha zenye masharti, kama vile watoto kuhudhuria shule, ilipima matokeo katika vijiji 506, baadhi vikianza mapema na vingine vikisubiri, na mahudhurio ya shule za sekondari yakapanda. Ugumu uko kwingine: nani aingie.

Kuna namna tatu zinazotumika sana. Ya kwanza ni kuchukua kila kaya katika eneo au kundi fulani, mfano wazee wote. Ni ya gharama kwa jumla, lakini haina ugomvi. Ya pili ni dodoso la mali na hali ya kaya: bati au nyasi, idadi ya wategemezi, aina ya sakafu, kisha kompyuta inatoa alama. Ya tatu ni wanakijiji wenyewe kupanga kaya kuanzia maskini zaidi. Indonesia iliwahi kulinganisha dodoso, upangaji wa wanakijiji na mchanganyiko wa hizo mbili katika vitongoji 640. Dodoso lilikuwa sahihi kidogo zaidi kwa kigezo cha matumizi ya fedha, lakini wananchi waliridhika zaidi walipopanga wenyewe, na malalamiko yakawa machache. Jambo dogo lenye faida kwa mwendesha mkutano: kadiri kikao kilivyorefuka, makosa ya upangaji yaliongezeka. Kwa hiyo kitongoji kikubwa kigawanywe kwa makundi, na kadi za kaya zichanganywe kabla ya kuanza, ili familia zilezile zisijadiliwe mwishoni watu wakiwa wanatazama jua.

Kwa maoni yetu, pale ambapo karibu kaya zote zinafanana kwa umaskini, kumtenga mmoja kwa alama mbili za dodoso ni upuuzi wa kitakwimu unaozaa uhasama wa kweli. Afadhali kiasi kidogo kwa wengi. Dodoso lina maana pale ambapo tofauti za maisha zinaonekana kwa macho.

Orodha ikishabandikwa ukutani, toa wiki mbili za rufaa, na rufaa isisikilizwe na waleale walioandaa orodha. Andika sababu ya kila kukataliwa kwa sentensi moja. Baadaye orodha inazeeka: watu wanakufa, wanahama, wanaoa. Isipoguswa miaka mitatu, unalipa majina.

Kisha soko. Kijiji kinachofikika kwa gari mwaka mzima, chenye wafanyabiashara kadhaa wanaoweza kujaza duka ndani ya siku chache, kitapokea fedha bila bei kupanda sana. Kijiji kilichokatwa na mto miezi mitatu, chenye duka moja, ni hadithi nyingine: fedha ikiingia bila bidhaa kuongezeka, mwenye duka ndiye mlengwa. Uliza wauzaji watatu swali moja: wateja wakiongezeka mara mbili wiki ijayo, mzigo utafika baada ya siku ngapi? Jibu likizidi wiki mbili, lipa kabla mto haujafunga njia, au peleka chakula chenyewe kwa kipindi hicho.

Malipo kwa simu hupunguza msafara wa fedha na wizi wa njiani, lakini yanahitaji wakala mwenye salio. Wakala wa kijijini mwenye mtaji mdogo huishiwa baada ya watu 20, na wengine hurudishwa nyumbani au hukatwa ada isiyo rasmi. Lipa kwa zamu, vitongoji tofauti siku tofauti, na tangaza kiasi kamili kwa sauti mkutanoni ili kila mtu ajue anachostahili. Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtoto au jirani ndiyo chanzo cha malalamiko mengi ya mwezi wa kwanza.

Kuchanganya, na kuchagua

Kwenye karatasi inavutia kuziweka njia zote tatu pamoja. Ofisi ndogo ikijaribu hivyo hupata udhaifu wote mara tatu. Mchanganyiko unaofanya kazi ni ule ambao njia ya pili inaziba tundu la ya kwanza: ajira za muda na uhawilishaji kwa wasioweza kufanya kazi, au uhawilishaji unaolipwa wiki chache kabla ya kupanda, ili mkulima anayeona mbolea inamlipa ainunue mwenyewe kwa bei ya soko. Huo wa pili unahitaji wakala wa pembejeo aliye karibu na mwenye mzigo, basi.

Ukiwa na eneo lenye mvua ya kutosha, udongo uliothibitishwa kwa vipimo, na miezi minane kabla ya msimu, vocha ina nafasi. Ukiwa na mteremko unaomomonyoka, miezi ya kiangazi isiyo na kazi na fundi sanifu wa kudumu, nenda na ajira za muda, ila panga tangu mwanzo nani atasafisha mitaro mwaka wa pili. Kamati ya matengenezo isiyo na chanzo cha fedha ni orodha ya majina tu. Katika hali nyingine nyingi, hasa baada ya ukame au mafuriko, fedha mkononi ndiyo yenye makosa machache zaidi ya kurekebisha, kwa kuwa mlengwa asiyestahili anaweza kuondolewa mwezi ujao, wakati mbolea iliyochelewa hairudishiki.

Angalia pia uhakika wa bajeti. Fedha za mwaka mmoja zisianzishe vocha, kwa sababu wauzaji binafsi wa pembejeo hupunguza mzigo wakisikia mbolea ya ruzuku inakuja, na mwaka unaofuata mkulima anakuta hakuna ruzuku wala duka. Kwa mwaka mmoja, lipa uhawilishaji kwa awamu chache zilizotangazwa idadi yake, au chimba kazi inayokamilika ndani ya msimu na kukabidhiwa ikiwa nzima. Tarehe ya awamu ya mwisho iandikwe kwenye tangazo lilelile la kwanza, kwenye ubao wa kijiji, kwa herufi zinazosomeka.